Kutoka Mwali hadi Nguzo: Hesabu Inayoamua Kama Jengo Litasimama

Huko Cardington, Uingereza, ndani ya banda kubwa lililojengwa zamani kwa ajili ya ndege za puto, palisimama jengo la majaribio la ghorofa nane lenye fremu ya chuma. Kati ya mwaka 1995 na 1996 watafiti walilichoma moto kwa makusudi, sehemu moja baada ya nyingine. Boriti zake nyingi hazikuwa na kinga, na baadhi zilipata moto hadi kupita nyuzi 1000 za Selsiasi. Zilipinda na sakafu zikabonyea, lakini jengo halikuanguka.

Miaka michache baadaye, tarehe 11 Septemba 2001, jengo namba 7 la World Trade Center jijini New York, lenye ghorofa 47, liliporomoka lote baada ya kuungua kwa karibu muda wa saa saba. NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, ilitoa ripoti ya uchunguzi wake mwaka 2008. Ilieleza kwamba uharibifu ulioanzisha maporomoko hayo ulitokea boriti za sakafu zikiwa bado chini ya takriban nyuzi 400.

Kanuni za usanifu za Ulaya huhesabu kwamba chuma chenye nyuzi 400 bado kina nguvu yake yote ya kubeba. Kwa hiyo jengo moja lilivumilia nyuzi 1000, na jingine likaanguka kwa halijoto ambayo jedwali la nguvu za chuma haliioni kuwa tishio. Anayetaka kujua kama jengo litahimili moto hawezi kutosheka na kuuliza moto ulikuwa mkali kiasi gani. Inambidi aulize joto lilifika wapi, kupitia uso upi, kwa muda gani, na chuma kilipotanuka kilizuiwa na nini.

Majibu ya maswali hayo hutoka katika hesabu mbili zilizokua mbalimbali. Ya kwanza huigiza moto: jinsi mwali unavyowaka, moshi unavyotanda, hewa inavyoingia na kutoka. Ya pili hufuatilia joto linavyopenya ndani ya boriti, nguzo na sakafu, ili mhandisi ajue kila sehemu imebakiwa na nguvu kiasi gani. Kila moja ina wataalamu wake, programu zake na vitabu vyake. Hoja ya makala haya ni kwamba ukweli wa jibu la mwisho huamuliwa zaidi pale hesabu hizo zinapokabidhiana kuliko ndani ya programu yoyote kati yake. Hapo ndipo makosa makubwa hufanyika kimyakimya, kwa sababu hapo ndipo mtaalamu wa moto hudhani kazi yake imekwisha na mtaalamu wa majengo hudhani yake bado haijaanza.

Tanuri na mipaka yake

Kwa karibu karne nzima wahandisi walifanya kazi bila kuigiza moto. Walitumia mkondo mmoja wa halijoto uliokubaliwa kimataifa, unaojulikana sasa kama ISO 834. Kwa mkondo huo, hewa ndani ya tanuri la majaribio hufika nyuzi 842 baada ya dakika 30, nyuzi 945 baada ya saa moja, na nyuzi 1049 baada ya saa mbili. Boriti au nguzo huwekwa humo, hubebeshwa mzigo, na muda inaoustahimili kabla ya kushindwa huandikwa kuwa daraja lake: dakika 30, 60, 90 au 120.

Utaratibu huu umeokoa maisha mengi na bado unahitajika. Unawezesha kulinganisha bidhaa moja na nyingine kwa kipimo kilekile, popote duniani. Lakini mkondo huo hausemi lolote kuhusu jengo fulani. Unachukulia kwamba moto ni sawa kila pembe ya chumba, kwamba halijoto hupanda tu na haishuki kamwe, na kwamba boriti moja iliyokatwa kutoka kwenye fremu yake inaweza kuwakilisha fremu nzima.

Moto wa kweli hauendi hivyo. Katika ghorofa pana isiyo na kuta nyingi, moto huanzia mahali pamoja, hula kilichopo, kisha husogea kufuata kuni na hewa. Watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakiwemo Guillermo Rein na José Torero, walitumia miaka mingi kueleza moto huu unaosafiri na athari zake kwa majengo makubwa. Wakati upande mmoja wa ghorofa unawaka, upande wa pili hupashwa moshi wa moto wa wastani kwa muda mrefu, na upande uliokwisha kuungua unapoa. Kupoa nako kuna hatari yake. Boriti iliyopinda ikiwa ya moto hukaza inaposinyaa na kuvuta viungo vyake. Katika majaribio ya Cardington baadhi ya viungo vilikatika wakati wa kupoa, mwali ukiwa umekwisha kuzimika. Mkondo usioshuka hauwezi kumwonyesha mhandisi jambo hilo.

Hesabu mbili, vipimo viwili

Programu ya kuigiza moto inayotumika zaidi duniani ni Fire Dynamics Simulator, maarufu kama FDS. NIST iliitoa kwa umma mwaka 2000, na baadaye taasisi ya utafiti ya VTT ya Finland ikashiriki kuiendeleza. FDS hugawanya chumba katika vijisanduku vingi vya hewa, kisha hukokotoa jinsi gesi, moshi na joto vinavyopita kutoka kijisanduku kimoja hadi kingine. Kwa chumba cha kawaida upande wa kijisanduku huwa sentimeta 10 au 20. Kwa ghorofa nzima ya jengo refu unaweza kufika nusu mita. Hesabu husonga mbele kwa hatua za sehemu ndogo ya sekunde, kwa kuwa miali hucheza haraka.

Programu ya majengo huutazama ulimwengu kwa vipimo vingine. Boriti ya chuma ina kuta zenye unene wa milimita 10 au pungufu. Nondo zimefunikwa na zege la sentimeta chache. Sehemu hizo hugawanywa katika elementi ndogondogo, na hesabu inaweza kuruka sekunde kadhaa au hata dakika nzima bila hasara, kwa kuwa joto hupita taratibu ndani ya kitu kigumu.

Pengo la vipimo hivyo ndilo tatizo la kwanza la kuunganisha. Boriti nzima inaweza kuwa nyembamba kuliko kijisanduku kimoja cha hewa. Chuma cha dari chenye vifito vya milimita 25 hakionekani kabisa na programu ya moto; kwake mahali hapo ni hewa tupu. Wakati huohuo namba zinazotoka upande wa moto, mamilioni kwa kila dakika ya tukio, ni nyingi mno kuliko upande wa jengo unavyohitaji. Lazima pawe na kanuni ya kuchagua kipi kivushwe, kwa umbo gani, na baada ya kupigiwa wastani wa muda gani.

Nini hasa cha kukabidhi

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuchukua halijoto ya hewa iliyo kando ya boriti na kuikabidhi kwa programu ya majengo. Wazo hilo ni jepesi na mara nyingi si sahihi. Joto huufikia uso wa chuma kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni myuko, yaani hewa ya moto inayopita na kuugusa uso. Njia ya pili ni mnururisho, yaani joto linalorushwa kutoka kwa mwali, moshi na kuta zilizopata moto hata pasipo hewa kugusana na chuma. Katika moto mkubwa mnururisho hutawala, na hauna habari na halijoto ya hewa iliyo jirani.

Tuchukue nguzo iliyosimama mita chache kutoka kwenye mwali, katika hewa safi yenye nyuzi 100 tu. Mnururisho unaoifikia ni kilowati 20 kwa kila mita ya mraba. Tuchukulie kwamba uso wa chuma hunyonya sehemu 0.7 ya mnururisho huo, na kwamba kizigeu cha myuko, yaani kipimo cha hewa kubadilishana joto na uso, ni wati 25 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Namba hizo mbili ndizo kanuni za Ulaya huzitumia katika mahesabu ya kawaida. Mhandisi aliyekabidhiwa halijoto ya hewa pekee atasema nguzo haitazidi nyuzi 100, na atalala usingizi. Ukweli ni kwamba uso wake utaelekea takriban nyuzi 377.

Wazo la pili ni kukabidhi mmiminiko wa joto wenyewe, yaani kilowati ngapi zinaingia kwenye uso. Hili linaonekana kuwa la kifizikia zaidi, lakini lina mtego wake. Mmiminiko halisi hutegemea halijoto ya uso unaopokea: kadiri chuma kinavyopata moto ndivyo kinavyorudisha joto zaidi, mpaka kinachoingia na kinachotoka vilingane. Ukichukua zile kilowati 20 na kuzilazimisha kuingia bila kukoma kwenye bamba la chuma la milimita 10, hesabu itakuambia kwamba baada ya saa moja halijoto yake imepanda kwa nyuzi 1500 hivi. Ni bamba lilelile ambalo kwa uhalisia lisingefika 400. Programu haitatoa onyo lolote, kwa kuwa imetekeleza agizo ililopewa.

Mtego huo una sura nyingine iliyojificha zaidi. FDS hukokotoa mmiminiko kwa kutumia halijoto ya ukuta wake yenyewe, uliowekwa na mtaalamu wa moto, labda kama ukuta wa jasi au uso baridi usiobadilika. Mmiminiko huo ni wa ukuta huo. Ukiuhamishia kwenye nguzo ya chuma yenye uzito na unene mwingine, umehamisha jibu la swali ambalo hukuuliza.

Ufumbuzi uliokubalika zaidi ulitoka Sweden. Ulf Wickström, akifanya kazi katika taasisi ya utafiti SP mjini Borås, alibuni kipimajoto cha bamba: kipande cha metali chembamba, sentimeta 10 kwa sentimeta 10, chenye kihami joto mgongoni, kielekezwacho kwenye moto ndani ya tanuri. Kwa kuwa karibu hakuna joto linalopita kwenda nyuma, bamba hilo hupanda haraka mpaka kupokea na kurudisha vilingane. Halijoto linayofikia imekwisha kuchanganya mnururisho na myuko kwa uwiano ambao uso wowote wa aina hiyo ungeupata ukiwa mahali hapo na ukielekea upande huo.

Wickström, Dat Duthinh na Kevin McGrattan walichukua wazo hilo mwaka 2007 na kulihamishia katika uigaji. Walipendekeza kwamba kinachovushwa kutoka kwenye moto kwenda kwenye jengo kiwe halijoto adiabati ya uso, yaani halijoto ambayo uso usioruhusu joto kupita ndani ungeifikia hapo. Katika mfano wetu wa nguzo, hiyo ndiyo nyuzi 377: iko juu ya nyuzi 100 za hewa, na chini ya nyuzi 497 ambazo mnururisho peke yake ungeweza kuzifikisha. Programu ya majengo ikipewa namba hiyo moja, hukokotoa yenyewe joto linaloingia kwa kulinganisha na halijoto ya chuma chake wakati huo. Chuma kikiwa baridi, joto huingia kwa wingi. Kikikaribia nyuzi 377, mmiminiko hufifia wenyewe. Hesabu haiwezi tena kupaa hadi nyuzi za ajabu.

Uzuri wa wazo hili ni kwamba namba hiyo inaweza kupimwa kwa kifaa, kukokotolewa na FDS na kupokelewa na programu ya majengo. Tanuri, kompyuta na jengo halisi vinaweza kulinganishwa kwa kipimo kimoja. Katika taaluma ambayo majaribio ni ghali na makosa huua, faida hiyo ni kubwa kuliko wepesi wa hesabu.

Nyuso, vivuli na unene

Hata hivyo namba moja haitoshi kwa boriti nzima. Halijoto adiabati ni ya uso unaoelekea upande fulani. Boriti yenye umbo la herufi I ina kibawa cha juu kilichoshikamana na zege la sakafu, ukuta wa kati uliojificha kati ya vibawa viwili, na kibawa cha chini kinachotazamana na moto uso kwa uso. Ukuta wa kati hupata kivuli cha vibawa na kupokea mnururisho pungufu. Kanuni za Ulaya zina namba maalumu ya kusahihisha athari hiyo. Nguzo iliyo pembeni mwa moto hupashwa upande mmoja, hutanuka upande huo, na hupinda. Ukichukua wastani wa pande zote nne utapata halijoto sahihi ya wastani na tabia isiyo sahihi ya nguzo. Kwa hiyo kila uso upewe namba yake, na pale boriti ilipo nyembamba kuliko kijisanduku, vipimo viwekwe katika hewa ya FDS vikielekezwa upande ambao kila uso unatazama.

Vipimo hivyo viwekwe kwa wingi gani? Hapo maada yenyewe hutoa mwongozo. Chuma na zege hutofautiana kama sufuria ya aluminiamu na chungu cha udongo juu ya mafiga. Chuma hupitisha joto karibu wati 50 kwa mita kwa nyuzi, zege kati ya 1 na 2 tu. Ukuta wa chuma wa milimita 10 hupata halijoto karibu moja unene wote, kwa hiyo unaweza kuhesabiwa kama kitu kimoja bila kukosea sana. Katika zege, joto la saa moja hupenya kwa nguvu sentimeta tano hivi, na nyuma yake zege hubaki na joto la kawaida. Hapo huna budi kufuatilia halijoto safu kwa safu, kwa sababu usalama wa sakafu hutegemea nondo zilizo sentimeta mbili au tatu kutoka usoni zimefika nyuzi ngapi. Zege likipasuka na kubanduka kwa mvuke ulionaswa ndani, nondo hizo hujikuta zinatazamana na moto, na hesabu iliyodhani zege lipo huwa imepitwa na tukio.

Uvivu huo wa maada una faida: hupunguza kelele za mwali. Kuyumba kwa halijoto kila sekunde hakuifikii nondo. Namba za FDS zinaweza kupigiwa wastani wa nusu dakika au zaidi bila kupoteza kitu, na mzigo wa kuzivusha ukapungua sana. Lakini wastani huo uchukuliwe juu ya mnururisho na myuko, kisha halijoto itafutwe. Mnururisho hufuata kipeo cha nne cha halijoto, na wastani wa halijoto hauleti wastani wa joto.

Je, jengo nalo huujibu moto?

Mpaka hapa joto limekwenda upande mmoja tu, kutoka moto kwenda jengo. Watafiti wengine huunganisha pande zote mbili, ili jengo linapobadilika moto nao ujue. Kifizikia wana haki. Kioo kikivunjika, hewa mpya huingia na moto hukua. Sakafu ikitoboka, moto hupanda ghorofa ya juu. Ukuta ukinyonya joto jingi, chumba hupoa.

Katika kazi nyingi za usanifu, hata hivyo, njia ya upande mmoja inatosha. Boriti ikishuka sentimeta 20 mwali haubadiliki sana. Kinachobadilisha moto ni matundu ya hewa, na hayo yanaweza kujaribiwa kama hali mbalimbali: madirisha yakivunjika mapema, yakichelewa, yasipovunjika kabisa. Muungano kamili wa pande mbili hugharimu muda mwingi wa kompyuta kutafuta usahihi ambao mara nyingi humezwa na jambo dogo lisilojulikana, kama dirisha lipi litapasuka kwanza.

Mnyororo wa jengo namba 7

Uchunguzi wa NIST ndio uliothibitisha kwamba kuunganisha hesabu hizi kwa jengo zima kunawezekana, na ndio ulioonyesha gharama yake. Katika jengo namba 7, moto uliwashwa na vifusi vya mnara wa kaskazini, mmoja wa minara miwili mirefu ya World Trade Center, ulioporomoka saa 4:28 asubuhi. Vinyunyizio vya ghorofa za chini vilitegemea bomba la maji la jiji, ambalo lilikuwa limevunjika. Moto ukasafiri ghorofani bila kuzuiwa, ukimaliza kuni za kila mahali kwa dakika 20 hadi 30 kisha kusogea.

Wachunguzi waliuigiza moto huo kwa FDS. Matokeo yake yalivushwa na chombo ambacho Kuldeep Prasad na Howard Baum wa NIST walikuwa wamekibuni kwa uchunguzi wa minara miwili. Chombo hicho kilirahisisha hewa ya kila eneo kuwa tabaka mbili, la juu lenye moshi na joto na la chini lenye hewa safi zaidi, kisha kikakadiria mnururisho na myuko unaofika kwenye kila boriti na kila nguzo. Kutoka hapo programu ya ANSYS ilikokotoa halijoto za chuma na zege, na modeli ya ghorofa 16 za chini ikafuatilia viungo vinavyoharibika. Mwishowe modeli ya ghorofa zote 47 katika programu ya LS-DYNA ilifuatilia maporomoko.

Kilichojitokeza ni hadithi ya kutanuka. Boriti ndefu za sakafu upande wa mashariki zilipata joto la wastani na kurefuka. Boriti ya mita 15 ikipanda nyuzi 400 hurefuka sentimeta nane hivi. Kwa maelezo ya NIST, boriti hizo zilisukuma boriti kuu ya ghorofa ya 13 mpaka ikatoka kwenye kiti chake karibu na nguzo namba 79. Sakafu zikaanguka moja juu ya nyingine, nguzo hiyo ikabaki bila mshikilio kwa ghorofa kadhaa na kukunjika, na jengo likafuata saa 11:20 jioni. Baadhi ya wahandisi wameyapinga maelezo hayo, hasa kuhusu tabia ya viungo, na mjadala wa namna hiyo ni halali.

Kwa swali letu, uchunguzi huo unatufundisha mambo mawili. La kwanza, tanuri lisingeweza kuliona tukio hilo. Lilihitaji kujulikana boriti ipi ni ya moto wakati jirani yake bado ni baridi, na hilo ni zao la kuunganisha moto unaosafiri na jengo zima. La pili, wachunguzi hawakutegemea hesabu moja. Walichukua halijoto za msingi, wakazipandisha asilimia 10, wakazishusha asilimia 10, na kuendesha modeli ya ghorofa 16 kwa hali zote tatu. Walijua kwamba kosa dogo mwanzoni hukua njiani.

Kosa husafiri na joto

Namba hiyo ya asilimia 10 si ndogo. Kwa kuwa mnururisho hufuata kipeo cha nne, halijoto kamili ikizidi kwa asilimia 10, joto linalorushwa huzidi kwa asilimia 46. Kinyume chake kinatia moyo: mmiminiko ukikosewa kwa asilimia 20, halijoto inayolingana nao hukosewa kwa asilimia tano tu. Hii ni sababu nyingine ya kukabidhi halijoto adiabati: hupunguza kosa badala ya kulikuza.

Udhaifu mkubwa uko nyuma zaidi, katika kubashiri moto wenyewe. Mwaka 2006 watafiti walichoma nyumba katika jengo refu la Dalmarnock, Glasgow, wakiwa wameijaza vipimo kila pembe. Kabla ya matokeo kutolewa, timu mbalimbali zilipewa maelezo ya kina ya chumba na samani, zikaombwa kuigiza moto huo bila kujua kilichotokea. Majibu yalitawanyika vibaya, na mengi yalikuwa mbali na moto halisi, ingawa timu zote zilianza na taarifa zilezile. Uigaji hukokotoa vizuri zaidi moshi na joto ukishaambiwa ukubwa wa moto. Kubashiri moto utakuaje kutoka kochi hadi pazia bado ni kazi ngumu mno.

Mwisho mwingine wa mnyororo nao una kiza chake. Koti la kukinga chuma linaweza kuwa pungufu ya unene uliochorwa, au limekwanguliwa na mafundi waliopitisha nyaya. Katika minara miwili ya New York, NIST ilihitimisha kwamba kubanduliwa kwa koti hilo na mgongano wa ndege kulikuwa sababu kuu ya kuanguka. Hakuna usahihi wa FDS unaoweza kufidia koti ambalo halipo. Ndiyo maana gridi laini na picha za rangi za kupendeza hazipaswi kumtuliza mkaguzi.

Kwetu swali liko wapi

Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza sehemu ya kufikia abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliwaka Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, jengo la zege lililosanifiwa na Beda Amuli. Baada ya moto wa aina hiyo huja swali lilelile kwa sura nyingine: kilichobaki kimesimama kinaweza kubeba tena?

Hesabu za moto na jengo zinaweza kulijibu kwa kurudi nyuma. Zege lenye kokoto za madini ya chuma hugeuka rangi ya waridi likipita nyuzi 300 hivi. Kuta za aluminiamu huyeyuka karibu na nyuzi 660. Alama hizo humwambia mhandisi joto lilifika wapi, naye huutafuta kwa uigaji moto unaokubaliana nazo, kisha hukokotoa nondo za ndani zilifika nyuzi ngapi. Sakafu inayobomolewa bila sababu ni hasara kwa wafanyabiashara. Inayoachwa bila kukaguliwa ni hatari kwa wote watakaorudi chini yake.

Vyombo si kikwazo tena. FDS hutolewa bure pamoja na msimbo wake. Programu huria kama OpenSees, ambayo watafiti wa Edinburgh waliiongezea uwezo wa kukokotoa moto, na Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa, EDF, zinaweza kufanya upande wa jengo. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye kompyuta nzuri anaweza kujenga mnyororo mzima. Kinachopungua ni mtu aliyefundishwa pande zote mbili, na mamlaka yenye maswali sahihi ya kumuuliza.

Maswali hayo yako wazi. Ukubwa wa moto ulichukuliwa kutoka wapi, na hali ngapi zilijaribiwa? Ni kipimo gani kilichovushwa: halijoto ya hewa, mmiminiko, au halijoto adiabati, na kwa nyuso zipi? Kizigeu cha myuko na uwezo wa uso kunyonya mnururisho ni vilevile pande zote mbili za hesabu? Boriti nyembamba kuliko kijisanduku zilishughulikiwaje? Je, mnyororo uliwahi kujaribiwa kwanza kwenye jaribio lililopimwa, hata dogo? Je, jengo lilifuatiliwa mpaka likapoa?

Mkaguzi anayeuliza hayo hahitaji kuwa bingwa wa kompyuta, na mhandisi asiyeweza kuyajibu hajamaliza kazi yake, hata ripoti ikiwa na kurasa mia tatu. Kanuni za ujenzi zinazoruhusu mahesabu ya namna hii badala ya tanuri zinapaswa kudai majibu hayo kwa maandishi, katika sura yake yenyewe, yametiwa saini na wote wawili: aliyeukokotoa moto na aliyelikokotoa jengo.